Nyasi, Kitambaa na Chupa ya Krimu: Sikukuu ya Brigid na Watoto wa Chekechea

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Januari, mzazi mmoja anayefuga ng'ombe huja shuleni asubuhi na gunia la chakula cha mifugo begani. Ndani hamna chakula cha mifugo. Mna nyasi ndefu za kijani zilizong'olewa kinamasini jana yake, bado zinadondosha maji, ncha zake kali na shina lake jeupe kwa chini. Analiweka gunia kwenye korido, anapangusa mikono kwenye suruali na kumwambia mwalimu akitaka nyingine aseme, shamba limejaa. Na kweli limejaa. Mkulima wa Ireland huziona nyasi hizi kama adui, maana zikishika malisho ni dalili kwamba ardhi imelowa kupita kiasi. Ni wiki hii moja tu ambapo watu huzitafuta.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi ya kijijini huku Ireland, kwenye darasa la wadogo kabisa, wale wa miaka minne na mitano. Kazi yangu anaijua kila aliyewahi kukaa na watoto wa chekechea: kufunga zipu, kufuta makamasi, kumkalisha karibu yule anayeogopa kelele, kuongoza mkono unaojifunza kushika penseli. Nimekulia pwani ya Kenya, kwenye nyumba ambayo ukili wa kushonea mikeka haukukosekana barazani. Labda ndiyo sababu gunia lile likifika, mimi huwa wa kwanza kuinama kulifungua.

Sikukuu yenyewe ni ya Mtakatifu Brigid, tarehe 1 Februari. Wengi wakisikia sikukuu ya Ireland huwaza ile ya Patrick, 17 Machi, na hawajakosea, maana ndiyo iliyozunguka dunia. Hata kwetu jina la Patrick tumelizoea kupitia wamisionari wa Ireland. Shule ya wavulana ya St. Patrick's kule Iten ina jina hilo, na ndiko alikofika Bruda Colm O'Connell mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwanoa wakimbiaji, David Rudisha akiwa mmoja wao. Brigid hakusafiri mbali hivyo. Lakini ukiniuliza ipi kati ya sikukuu hizi mbili inamfaa zaidi mtoto wa miaka minne, nitakujibu bila kusita kwamba ni ya Brigid.

Sababu yangu ni moja. Kila anachofanya mtoto darasani wiki hiyo, watu wazima walikifanya majumbani mwao kwa haja ya kweli. Walisuka msalaba wa nyasi ili nyumba iliyoezekwa kwa majani isiungue. Walitandaza kitambaa nje usiku ili wapate cha kujifunga kichwa kikiuma. Walisukasuka maziwa kwa sababu siagi ndiyo iliyowapatia fedha ya kulipia kodi ya shamba. Mtoto anapewa kazi zile zile kwa kipimo cha mikono yake, na akiuliza "kwa nini?", mwalimu ana jibu.

Machi nayo tunaisherehekea, na kwa shangwe. Kuanzia tarehe 1 hadi 17 ni Seachtain na Gaeilge, siku za kuipa nguvu lugha ya Kiairishi, na shule nzima huimba na kucheza ukumbini. Lakini pembeni huingia karatasi za kupaka rangi zilizopakuliwa kwenye intaneti: leprechaun, yule kijitu wa hadithi za Ireland, mwenye ndevu nyekundu, chungu cha dhahabu, kofia ya kijani. Huingia pia mitego ya leprechaun ya kutengeneza kwa maboksi, mchezo uliokolea zaidi Marekani kuliko hapa. Watoto wanafurahi, nami nafurahi nao. Ila somo likiisha, meza zimejaa karatasi zinazofanana, na mtoto akiulizwa Patrick alikuwa nani, anajibu: yule mwenye kofia. Patrick wa kweli alikuwa kijana wa Britania ya Kirumi aliyetekwa akiwa na miaka kama 16, akauzwa utumwani Ireland, akachunga mifugo miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wale wale. Haya ameyaandika mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anajua uchungu wa kupotezana na mama sokoni. Msimulie habari za mvulana mchungaji aliyetenganishwa na wazazi wake uone atakavyotulia kusikiliza.

Turudi kwa Brigid. Mapokeo yanasema alizaliwa katikati ya karne ya tano, baba yake mtemi aliyeitwa Dubhthach na mama yake mtumwa. Akaanzisha monasteri Kildare, na mwaka 2024 mji huo uliadhimisha miaka 1,500 tangu kifo chake. Yeye, Patrick na Colmcille ndio wasimamizi watatu wa Ireland. Nyuma yake kuna kivuli cha kale zaidi: kabla ya Ukristo Waairishi walikuwa na mungu wa kike mwenye jina hilo hilo, na tarehe yenyewe ni ya Imbolc, mwanzo wa majira ya machipuko katika kalenda ya kale. Wataalamu wanabishana hadi leo mpaka uko wapi kati ya huyu na yule. Darasani kwetu ubishi huo hauna nafasi. Watoto wanaambiwa kulikuwa na mwanamke aliyependa maskini na ng'ombe, na habari zake zimesimuliwa miaka mingi sana.

Tangu mwaka 2023 sikukuu hii ni siku ya mapumziko ya taifa zima, ya kwanza nchini kuitwa kwa jina la mwanamke. Watu hupumzika Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiangukia Ijumaa, hapo hupumzika Ijumaa hiyo. Kwa hiyo shughuli zote za darasani tunazimaliza kabla, na mtoto anafika nyumbani kwenye mapumziko akiwa na kitu mkononi.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hutuchukua muda kuielewa furaha ya siku hii. Desemba, jua la Dublin huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Watoto wanaamka gizani, na wakimaliza kunywa chai ya jioni dirisha limeshakuwa jeusi. Kufikia tarehe 1 Februari jua linazama saa kumi na moja na ushei. Saa ile moja iliyoongezeka inaonekana usoni kwa watu. Mwalimu wetu huwatoa watoto uani kutafuta dalili, na hawaambii watafute nini hasa. Wanarudi na habari za maua meupe madogo yaliyoinamisha vichwa chini ya ukuta, za ndege aliyebeba kijiti, za tope. Mmoja alikuja na habari kwamba kondoo wa babu yake amezaa usiku, na hilo likafunga mjadala wote wa dalili.

Sasa nyasi.

Kazi ya kwanza ni kuchambua. Tunazimwaga mezani juu ya magazeti na watoto wanapanga: ndefu huku, fupi kule, zilizovunjika kwenye kapu. Desturi inataka zing'olewe kwa mkono, zisikatwe kwa kisu, na mfugaji wetu anaifuata. Kila unyasi ni wa mviringo, unateleza, hauna majani pembeni. Ukiupasua kwa ukucha kutoka juu hadi chini, gamba la kijani linabanduka na ndani unabaki uti mweupe, mwepesi, unaobonyea. Uti huo ulikuwa taa ya maskini wa Ireland. Waliuchovya kwenye mafuta ya mnyama, wakauacha ukaganda, kisha wakauwasha usiku. Mwalimu akishawaambia watoto hivyo, kusuka kunasubiri, maana kila mmoja anataka kumenya. Tunao mtoto ambaye kukaa mezani dakika mbili ni kazi kubwa kwake. Alimenya unyasi wake mpaka mwisho, uti mzima ukatoka bila kukatika, akautembeza darasani akimwonyesha kila mtu mmoja mmoja, pamoja na samaki waliomo kwenye tangi. Siku ile hakuhitaji kukumbushwa kukaa.

Kisa cha msalaba ni hiki. Brigid aliitwa kwa mtemi mgonjwa aliyekuwa anakata roho. Sakafu za nyumba zilitandikwa nyasi, naye alipokuwa ameketi kando ya kitanda akaokota chache na kuanza kusuka msalaba. Mgonjwa akauliza anafanya nini, naye akamweleza. Kwa watoto wadogo mwalimu hausogelei sana upande wa kufa. Anakaa zaidi kwenye mikono: mtu ameketi na mgonjwa, hana dawa, anaokota kilichopo sakafuni na kutengeneza kitu.

Usukaji wenyewe nitaueleza, kwa sababu najua kuna walimu na wazazi watakaotaka kujaribu. Shika unyasi mmoja wima. Kunja wa pili katikati, uukumbatie ule wa kwanza, miguu yake miwili ielekee kulia. Zungusha kazi yako robo duara kinyume cha mwendo wa saa, ili ile miguu ielekee juu. Kunja wa tatu, uukumbatishe miguu hiyo, nao uelekee kulia. Zungusha tena. Endelea hivyo, kila unyasi mpya ukienda kulia na kumbana aliyetangulia. Katikati mraba unaanza kujijenga wenyewe, na mikono minne inachomoza ikiwa imepishana, hakuna unaomtazama mwenzake uso kwa uso. Ukitosheka, funga ncha nne, kisha punguza kwa mkasi.

Mtu mzima atamaliza kabla chai haijapoa. Mtoto wa miaka minne ana shida moja kubwa: kitovu cha msalaba kinalegea kabla hajafika unyasi wa nne, kwa sababu mkono unaokunja na mkono unaobana bado haujajua kufanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunawapanga wawili wawili. Mmoja anabana kitovu kwa kidole gumba na cha shahada, haruhusiwi kuachia hata pua ikiwasha. Mwingine anakunja. Kisha wanabadilishana kwenye msalaba wa pili. Upande wa kulia wa kila meza tunabandika karatasi nyekundu, na wote wanasema kwa sauti: kunja, kaza, zungusha. Ncha tunazifunga sisi wakubwa kwa mipira midogo ya kufungia, kamba inawashinda. Mtoto akifikisha nyasi nane na kusema imetosha, imetosha.

Shule nyingi hutumia waya laini zenye manyoya badala ya nyasi, na naelewa kwa nini: hazichafui, hazikauki, zinanunuliwa dukani. Lakini waya unakubali kila kitu. Ukiukunja unabaki ulivyoukunja, na mtoto hajifunzi kukaza. Nyasi inataka kushikwa, la sivyo inarudi ilivyokuwa. Wiki tatu baada ya sikukuu, nikiwa nimekaa na mtoto anayejifunza kushika penseli, nahisi tofauti kwenye vidole vyake.

Nilikulia karibu na bibi aliyekuwa akilowesha miyaa kabla ya kusuka ukili, isije ikakatika. Nyasi hizi nazo zikilala darasani karibu na kipasha joto, asubuhi zinakatika kila ukizikunja, kwa hiyo jioni nazifunika kwa taulo bichi. Mwalimu alipoona hivyo akaniachia meza ile ya kusukia moja kwa moja. Nikaleta kipande cha mkeka kutoka nyumbani, cha rangi ya zambarau na kijani. Watoto walikilalia, wakapitisha vidole juu chini, juu chini, wakauliza kama na chenyewe ni cha Brigid. Nikawaambia ni cha bibi yangu, na kwamba bibi alikuwa na njia yake ya kusuka ambayo haina kitovu, inaanzia ukingoni. Walilipokea hilo kwa uzito wote, kama mafundi wanavyopokea habari za fundi mwingine.

Lipo suala la msalaba na watoto wasio Wakristo, na sipendi linaporukwa. Karibu tisa kati ya kila shule kumi za msingi Ireland ziko chini ya Kanisa Katoliki, yetu ikiwemo, lakini darasani tunao Waislamu, Wahindu na wasio na dini yoyote. Mwalimu huwapigia simu wazazi mapema. Mama mmoja Mwislamu kutoka Kismayu, ambaye tunazungumza naye Kiswahili pale getini, aliniuliza waziwazi: "Dada, huo msalaba ni ibada au ni kazi ya mikono tu?" Nikamjibu kwamba kwa wengine ni ibada, kwa wengine ni desturi ya nyumba, na kwamba ipo ya mikono mitatu ambayo watu walikuwa wakiitundika kwenye zizi la ng'ombe. Akafikiri kidogo. "Basi wa kwangu asuke hiyo ya ng'ombe. Na mwambie mwalimu nimeshukuru kuulizwa." Mwanawe alisuka ya mikono mitatu, akatangaza kwamba yake inalinda ng'ombe. Kabla ya mapumziko nusu ya meza walikuwa wanaitaka ya ng'ombe, na mfugaji aliyetuletea gunia alipata ya kutosha kila mlango wa zizi lake.

Siku inayofuata tunahamia ukumbini kwa ajili ya joho. Brigid alimwomba mfalme wa Leinster ardhi ya kujenga monasteri, mfalme akakataa. Akamwomba basi ampe kiasi ambacho joho lake litafunika. Mfalme akaangalia kile kijoho, akacheka, akakubali. Wasichana wanne wakashika pembe nne, wakakimbia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na joho likatanuka mpaka likafunika uwanda mzima wa Curragh. Uwanda huo upo hadi leo katika kaunti ya Kildare, kama hekta 2,000 za nyasi tupu. Kondoo wanalisha humo, na uwanja wa mbio za farasi uko humo humo.

Karibu kila shule huku ina lile parachuti la michezo, kitambaa kikubwa cha mviringo cha rangi nyingi chenye vishikio pembeni. Ndilo joho letu. Halina pembe, na watoto hawajali. Tunalikunja mpaka linakuwa dogo la kubeba kwapani. Mfalme anakaa kwenye kiti, na mwalimu humchagua yule ambaye kwa kawaida hasemi. Kazi ya mfalme ni neno moja: hapana. Wote wanamwomba: tupe ardhi kidogo. Hapana. Kidogo tu. Hapana! Nimemsikia mtoto ambaye tangu Septemba alikuwa akinong'ona, akitoa "hapana" iliyofika jikoni. Kisha wanne wanakimbia, kitambaa kinafunguka kishindo, kinaelea, kinashuka juu ya kiti na mfalme wake, na ndani ya lile hema la rangi unasikia kicheko.

Mwaka mmoja mfalme alitoa kichwa nje na kuuliza, "Na kondoo wangu je?" Mwalimu hakulipita swali lile. Aliwakalisha watoto chini, wakajadili. Mmoja alisema kondoo wahame. Mwingine alisema joho ni la sufu, na sufu inatoka kwa kondoo, kwa hiyo ni haki yao kubaki. Wakakubaliana wabaki. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari za kondoo wa Curragh. Baadaye mwalimu alipowaonyesha picha ya uwanda ule wa leo, kondoo wakiwa wametapakaa kila mahali, watoto waliipokea kama kitu walichokwisha kukipanga wao.

Mkesha wa sikukuu, 31 Januari, watu walikuwa wakiacha kitambaa nje, dirishani au juu ya kichaka, wakiamini Brigid hupita usiku na kukibariki. Kilitunzwa kwa ajili ya maumivu ya kichwa, na kwa mnyama mwenye uzazi mgumu. Watoto wanaleta vipande vya nguo zilizochakaa na kuvifunga kwenye uzio wa uwanja. Asubuhi tunavifungua vikiwa vimelowa au vimeganda kwa barafu, kila mmoja anaondoka na chake mfukoni. Ni shughuli ya dakika chache. Kisa cha moto wa Kildare, uliolindwa na watawa karne nyingi na kuwashwa upya mjini hapo mwaka 1993, tunakisimulia tu bila kuwasha chochote.

Siagi ndiyo wanayoikumbuka zaidi, nami pia. Krimu ya maziwa inatolewa kwenye friji mapema ili ipoteze ubaridi. Inamiminwa kwenye chupa za jamu, theluthi moja tu ya chupa, kifuniko kinakazwa na kuzungushiwa gundi ya karatasi. Tunakagua kwanza orodha ya wenye mzio wa maziwa. Mtoto asiyeruhusiwa kuigusa anakuwa mpiga ngoma, anaweka mdundo, na hiyo ni nafasi inayogombewa. Chupa zinazunguka duara, kila mmoja anasukasuka mpaka mdundo ubadilike.

Ukitaka kujua hatua gani imefikiwa, sikiliza. Mwanzoni krimu inapigapiga ukutani mwa chupa kama maji. Baada ya dakika kadhaa sauti inazidi kuwa nzito, halafu inapotea kabisa. Chupa inakuwa kimya ingawa mkono unaendelea. Hapo watoto wanakata tamaa, wanasema imekufa. Mwalimu anawaambia waendelee. Ghafla unasikia donge likigonga kioo, na maji maji meupe yanajitenga pembeni. Nimeshuhudia hatua hiyo kila mwaka na bado hunisisimua. Wakati mikono inachoka, mwalimu anasimulia jinsi Brigid alivyokuwa akiwagawia maskini siagi ya nyumba aliyotumikia, na bwana wake alipokuja kukagua, ghala likakutwa limejaa. Tunaosha donge kwa maji baridi, tunalikamua, tunatia chumvi kidogo na kulipaka kwenye mkate wa soda uliookwa na darasa la juu. Kuna mtoto ambaye mama yake alituambia hagusi siagi nyumbani. Alikula vipande viwili kisha akauliza chupa ile ilinunuliwa wapi.

Kinachonigusa kuliko yote ni kwamba si mara ya kwanza watoto wa Ireland kupewa sikukuu hii waifanyie kazi. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Tume ya Mapokeo ya Ireland iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi, wengi wa miaka 11 hadi 14, wawaulize wazee wa kwao kuhusu hadithi, tiba, michezo na sikukuu, kisha waandike kwenye madaftari. Watoto zaidi ya 50,000 kutoka shule kama 5,000 walifanya kazi hiyo, na maandishi yao yamehifadhiwa. Leo yeyote anaweza kuyasoma bure kwenye tovuti ya dúchas.ie, mwandiko wa mtoto ukiwa pale pale, wino ukiwa umevuja. Mambo mengi ambayo darasa letu linafanya, vitambaa, nyasi zilizong'olewa, kijana anayesimama mlangoni na fungu la nyasi na kubisha kwa jina la Brigid, yamo humo, yameandikwa na watoto waliokuwa na babu zao jikoni.

Mwalimu wetu huchagua kipande kifupi kutoka shule za jirani na kuwasomea. Kisha kila mtoto anatumwa nyumbani na swali moja: muulize mtu mzima wa kwenu alifanya nini siku kama hii alipokuwa mdogo. Majibu yanarudi kama michoro, na sisi tunaandika chini yake kile mtoto anachosema. Babu mmoja alisema kwao misalaba ya zamani haikutupwa, ilichomekwa kwenye paa kwa ndani, mmoja kila mwaka, hata mgeni akiinua macho anajua nyumba ina umri gani. Mtoto wa Kipolandi alichora mshumaa mrefu, kwa sababu kwao tarehe 2 Februari watu hupeleka mishumaa kanisani ikabarikiwe, na bibi yake huko Poland huiwasha kukiwa na radi. Yule wa Kismayu alichora bahari. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba wao walipokuwa wadogo, mwaka mpya ulipoingia walikwenda kuoga baharini. Michoro yote tuliibandika ukuta mmoja, bahari ikiwa katikati ya mshumaa na paa.

Kama unafundisha chekechea, popote ulipo, na umeombwa kufanya sikukuu ya watu wengine, nakusihi uanze na kitu kimoja ambacho watu hao walikishika kwa mikono yao. Kitafute kikiwa kibichi. Usijaze wiki kwa shughuli kumi. Sisi tunazo nne na zinatosha, na hata hizo huwa tunaacha moja hali ya hewa ikigoma. Wasimulie watoto kisa kwa ufupi kisha wape kazi, kwa sababu mikono ikishughulika ndipo maswali ya maana yanapokuja.

Mwaka ujao mwalimu anataka tusisubiri gunia. Mfugaji amekubali darasa zima liende shambani kwake ling'oe nyasi lenyewe, upande wa chini ambako hamna mtaro wa kina. Tumeshawaandikia wazazi kuwaomba ruhusa, soksi za akiba na mabuti ya mpira, na mama wa Kismayu ameandika chini ya karatasi yake kwamba atakuja kutusaidia kubeba.